Kwa nini picha za Berthe Morisot zilisemwa "hazijaisha"

Mapema mwaka 1870, jijini Paris, mchoraji Berthe Morisot alikuwa na picha moja iliyomkosesha usingizi. Alikuwa amewachora mama yake na dada yake Edma wakiwa wamekaa sebuleni. Mama amevaa nguo nyeusi na anasoma kitabu. Edma, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito, amekaa nyuma yake kwenye kochi, amevaa nyeupe, macho yako mbali. Picha ilitakiwa kwenda Salon, maonyesho makubwa yaliyokuwa chini ya serikali, ambako mchoraji Mfaransa alijulikana au alizikwa. Mchoraji mwenzake, Puvis de Chavannes, alikuwa amemwambia kwamba kichwa cha mama bado hakijakaa sawa. Kwa wasiwasi, Berthe akamdokeza mchoraji rafiki yake, Édouard Manet.

Manet akafika nyumbani. Akaisifu picha, kisha akaomba brashi aguse kidogo tu chini ya gauni. Kutoka kwenye gauni akapanda kifuani, kutoka kifuani akafika usoni, kutoka usoni akahamia ukutani nyuma. Muda wote anatania, anacheka, anamrudishia Berthe kibao cha rangi, anamnyang'anya tena. Ilipofika saa kumi na moja jioni mwenye mkokoteni alikuwa anangoja, na picha ikapakiwa vilevile. Berthe aliandika katika barua kwamba tumaini lake pekee sasa ni picha ikataliwe. Mama yake aliona ni kichekesho, yeye aliona ni msiba.

Haikukataliwa. Leo iko makumbusho ya National Gallery of Art, Washington, na ukiisogelea unaona mikono miwili ndani ya fremu moja: mama kwa rangi nzito, nyeusi na ya uhakika, Edma kwa miguso myepesi inayoacha hewa ipite.

Kisa hiki husimuliwa kama utani wa wasanii. Mimi nakiona kama ufunguo wa kazi yake yote, kwa sababu tangu siku ile hadi anafariki watu waliendelea kumwambia jambo lilelile: picha zako hazijaisha. Walimu walisema hivyo, wahakiki wa magazeti wakasema hivyo, hata waliompenda walisema kwa maneno matamu zaidi. Ili kuelewa kwa nini lawama hiyo ilikuwa na uzito, na kwa nini yeye hakuifuata, inabidi kurudi nyuma.

Kumaliza picha, kwa macho ya Salon, kulikuwa na maana yake mahususi. Uso wa picha uwe laini, alama za brashi zisionekane, vivuli vibadilike kwa hatua kutoka giza hadi mwanga, mwili wa binadamu uchorwe na mtu aliyesoma misuli na mifupa kwa miaka. Mada zenye heshima zilikuwa historia, dini na visasili vya Wagiriki. Elimu hiyo ilitolewa École des Beaux-Arts, na chuo hicho hakikupokea wanawake hadi mwaka 1897. Kwa maneno mengine, mwanamke alidaiwa kumaliza kwa kanuni ambazo hakuruhusiwa kufundishwa.

Morisot alizaliwa tarehe 14 Januari 1841 mjini Bourges, katika familia yenye uwezo. Baba yake alikuwa mkuu wa mkoa. Ilizoeleka kusemwa kwamba upande wa mama kulikuwa na undugu na Fragonard, mchoraji aliyetamba karne ya 18, ingawa undugu huo una mashaka. Familia ilipohamia Paris, mama aliwatafutia mabinti zake mwalimu wa kuchora ili wamtengenezee baba yao zawadi. Mwalimu wa kwanza aliwachosha. Wa pili, Joseph Guichard, aliona haraka kwamba Edma na Berthe hawakuwa wanajifurahisha, akamwonya mama yao: mabinti hawa watakuwa wachoraji kweli, na katika tabaka lenu hilo litakuwa mapinduzi, pengine hata balaa. Mama hakutishika. Guichard akawapeleka makumbusho ya Louvre kunakili kazi za mabingwa wa zamani, na mama akawa anaenda nao, maana msichana wa familia ya heshima hakukaa peke yake mahali pa umma. Baadaye walisoma kwa Camille Corot, mchoraji wa mandhari, aliyewafundisha kuchora nje, mbele ya kitu chenyewe. Baba akawajengea studio bustanini. Mwaka 1864 Berthe alipata nafasi Salon kwa mara ya kwanza, kwa picha mbili za mandhari.

Kuchora rangi ya mafuta nje ya nyumba, tukumbuke, hakukuwa jambo la siku zote. Kilichorahisisha ni tyubu ya bati ya kubebea rangi, ambayo Mmarekani John Goffe Rand aliiwekea hataza mwaka uleule wa 1841. Kabla ya hapo rangi ilihifadhiwa kwenye vifuko vya kibofu cha nguruwe vilivyopasuka na kukauka. Bila tyubu, sijui Waimpreshonisti, kundi la wachoraji ambalo Berthe angejiunga nalo baadaye, wangefika wapi.

Edma ndiye anayeonyesha njia ambayo Berthe hakuifuata. Walichora pamoja zaidi ya miaka kumi, na waliowajua hawakuona Edma kuwa nyuma ya mdogo wake. Mwaka 1869 akaolewa na afisa wa jeshi la majini, akahamia mji wa bandari wa Lorient, akaacha kuchora. Barua zake kwa Berthe zinauma: anasema kwamba kwa mawazo bado yupo studioni, anatamani atoroke japo robo saa akavute ile hewa waliyoizoea. Berthe alikwenda kumtembelea Lorient kiangazi hicho akamchora amekaa juu ya ukuta wa bandari, mwavuli mkononi, maji mengi mbele yake. Manet aliisifia sana picha hiyo, na Berthe akampa.

Huyu Manet asichukuliwe kama mwalimu wake, ingawa vitabu vingi vya zamani vilimwandika Berthe kama mwanafunzi. Walikutana Louvre mwaka 1868, walipotambulishwa na Henri Fantin-Latour, wakati Berthe ameshakuwa na miaka minne ya kuonyesha Salon. Muda mfupi baadaye Manet alimwandikia Fantin kwamba kina dada Morisot wanapendeza, pole tu kwamba si wanaume, na kwamba wangeweza kuisaidia sanaa kwa kuolewa na wazee wa Akademia, taasisi rasmi ya sanaa, na kuwagombanisha. Alimchora Berthe mara nyingi: kwenye roshani, kwenye kochi, akiwa na shada la urujuani kifuani. Berthe hakumchora yeye hata mara moja. Wanahistoria wamejaza kurasa kuhusu kama kulikuwa na mapenzi. Mimi naona faida zaidi kuangalia walivyoathiriana kazini, maana Manet naye alianza kung'arisha rangi zake na kutoka nje baada ya kuwa karibu na Berthe na wenzake.

Mwaka 1874 ndipo Berthe alipoamua. Kundi la wachoraji waliochoshwa na Salon, ambao ndio Waimpreshonisti, wakiwemo Monet, Degas, Pissarro na Renoir, liliandaa maonyesho yao wenyewe katika iliyokuwa studio ya mpigapicha Nadar, boulevard des Capucines namba 35, kuanzia Aprili 15 hadi Mei 15. Manet alikataa kushiriki na akamshauri Berthe naye akatae. Puvis akasema vivyo hivyo. Degas, kwa upande wake, alimwandikia mama yake Berthe akimwomba amruhusu. Berthe akaingia, na tangu hapo hakupeleka tena picha Salon. Kwa mtu ambaye Salon ilikuwa inampokea, hiyo ilikuwa hatari ambayo Manet mwenyewe hakuwa tayari kuibeba.

Miongoni mwa kazi alizoonyesha ilikuwamo *Le Berceau*, yaani kitanda cha mtoto, aliyoichora mwaka 1872. Ni picha ndogo, haifiki sentimita 60 kwa urefu. Edma amekaa kando ya kitanda cha mwanawe Blanche. Kiganja kimoja kimeshika shavu, kingine kimeshika ukingo wa chandarua. Mkono uliokunjwa wa mama unarudiwa na mkono uliokunjwa wa mtoto aliyelala. Chandarua ndicho cha kutazama: kimechukua sehemu kubwa ya picha, na kwa mbali ni kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, lakini kwa karibu unaona nyeupe, kijivu, buluu na waridi vimepakwa wazi, kila mguso ukiwa umeachwa ulipoangukia. Mtoto tunamwona kupitia humo tu. Na uso wa Edma hauna ile furaha ya mama inayotarajiwa kwenye picha za namna hii. Anafikiri kitu. Huenda amechoka.

Picha haikupata mnunuzi, ikabaki kwa familia hadi Louvre ilipoinunua mwaka 1930.

Guichard, mwalimu wa zamani, aliyatembelea maonyesho akatoka ameshtuka. Alimwandikia mama yake Berthe kwamba huwezi kuishi na vichaa ukabaki salama, na akatoa tiba: Berthe aende Louvre mara mbili kwa wiki, asimame mbele ya picha za Correggio, bingwa wa zamani wa Italia, kwa saa tatu nzima, aombe msamaha kwa kujaribu kusema kwa rangi ya mafuta mambo ambayo ni ya rangi ya maji. Barua hii huchekesha, lakini Guichard aliona jambo ambalo wengi hawakuliona. Rangi ya maji huwekwa mara moja, haibembelezwi, na weupe wa karatasi huachwa ufanye kazi ya mwanga. Rangi ya mafuta ilitarajiwa kujengwa tabaka juu ya tabaka hadi turubai lipotee. Morisot aliitumia rangi ya mafuta kwa akili ya rangi ya maji. Mwalimu aliyaita makosa. Kwa kweli alikuwa ameeleza ufundi wake kwa usahihi kuliko mhakiki yeyote wa wakati ule.

Mwaka uliofuata, Machi 24, 1875, Morisot, Monet, Renoir na Sisley walipiga mnada kazi zao Hôtel Drouot, nyumba ya minada ya Paris. Ukumbi ulijaa kelele na kejeli. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimtukana Berthe kwa neno la kahaba na Pissarro akamtwanga ngumi. Bei ya juu kabisa siku ile, faranga 480, ilipatikana kwa picha ya Morisot. Mwaka 1876 Albert Wolff wa gazeti la *Le Figaro* akaandika kwamba kundi hilo ni vichaa watano au sita, mmoja wao mwanamke, ambaye madaha yake ya kike yanabaki hai katikati ya akili iliyopotea. Inasemekana mume wa Berthe alitaka kumwita Wolff kwenye pambano la silaha.

Mume huyo alikuwa Eugène Manet, mdogo wake Édouard, waliyefunga ndoa Desemba 1874. Naye alikuwa akichora kidogo, lakini aliweka nguvu zake kwenye kazi ya mkewe. Mwaka 1882, Berthe alipokuwa Nice na mtoto, Eugène ndiye aliyerudi Paris kuhangaikia fremu na kuzitundika picha zake. Wanaume wa namna hiyo walikuwa wachache mno miaka ile. Walipokwenda kisiwa cha Wight, Uingereza, kiangazi cha 1875, Berthe alilalamika katika barua kwamba watu wanapita gatini hawashikiki, mashua zinayumba, na Kiingereza chake hakitoshi kuwaomba watoto wa mtaani wakae achore. Akaishia kumchora Eugène amekaa dirishani anatazama nje, kati ya pazia na maua. Wageuzie macho wachoraji wa enzi ile: kwa kawaida ni mwanamke anayekaa ndani akichungulia dirishani na mwanamume yuko huko nje.

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kumhusu Morisot. Mada zake ni wanawake, watoto, bustani, vyumba vya kuvalia, mashua ziwani. Wengi huona hizo wakahitimisha kwamba alikuwa mchoraji wa mambo laini. Lakini wenzake walichora mabaa, vyumba vya nyuma ya jukwaa, vituo vya treni na mitaa ya usiku, mahali ambako mwanamke wa tabaka lake hakuweza kukaa na brashi bila kuharibu jina la familia. Alichora alipofika. Na alipofika alipaangalia bila kupapamba. Mwaka 1875 alichora wanawake wakianika nguo pembezoni mwa Paris, viwanda vikionekana nyuma. Alichora watumishi wake wakiwa kazini. Mwaka 1879 alimchora yaya akimnyonyesha Julie, binti aliyemzaa Novemba 1878. Mwanahistoria wa sanaa Linda Nochlin alionyesha mwaka 1988 jinsi picha hiyo ilivyo ya ajabu: mwanamke mmoja analipwa kumnyonyesha mtoto ili mwanamke mwingine, mama wa mtoto, afanye kazi yake ya kuchora, na kazi yenyewe ni kuwachora hao wawili. Uso wa yaya hauonekani vizuri. Gauni, nyasi na mtoto vimeyeyukiana katika miguso ya kijani, nyeupe na waridi inayokwenda mbio. Mwaka 1879 hakuna mwenzake, hata Monet, aliyekuwa ameiachia brashi kiasi hicho kwenye picha ya mtu.

Mwaka huo wa 1879 ndio pekee alioukosa. Kati ya maonyesho manane ya Waimpreshonisti alishiriki saba, zaidi ya Monet na zaidi ya Renoir. Mmarekani Mary Cassatt alijiunga mwaka huohuo, na Marie Bracquemond pia. Eva Gonzalès, ambaye mara nyingi huwekwa kundi moja nao, hakuonyesha nao kamwe. Huyo ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa Manet hasa.

Sasa sifa. Mwaka 1877 mhakiki Paul Mantz aliandika kwamba katika kundi lote Mwimpreshonisti wa kweli ni mmoja tu, Berthe Morisot. Mwaka 1880 Charles Ephrussi akasema anasaga petali za maua juu ya kibao chake cha rangi. Mwaka 1891 Téodor de Wyzewa akaenda mbali zaidi: kwake, uchoraji huu wa kushika mwonekano wa juu kwa haraka unafaa maumbile ya mwanamke. Ukizisoma haraka unaona ni maua. Ukizisoma polepole unaona mtego. Monet akiacha mguso wa brashi wazi, ni ujasiri na nadharia. Morisot akiacha, ni maumbile yake, kama kwamba mkono wake ulijiendea wenyewe. Kusifiwa kwa njia hiyo kulimnyang'anya kile hasa alichokuwa akikifanya, yaani kuamua.

Kwamba aliamua, ushahidi uko kwenye kazi. Kwenye picha aliyojichora mwaka 1885 amesimama na vifaa vyake, koti la kahawia, kitambaa shingoni, anatutazama moja kwa moja. Nyuma yake turubai limeachwa bila kufunikwa na bega linaishia kwenye mistari michache. Uso, ambao ndio uliokuwa na jambo la kusema, umeshughulikiwa. Miaka ya 1880 alizoea kuacha kingo na pembe za turubai tupu namna hii. Kinyume chake, mwaka 1891 kijijini Mézy alichora wasichana wawili wakichuma cheri kwenye ngazi, picha kubwa, na kabla ya kuifikia alifanya michoro mingi ya penseli, pasteli na rangi ya maji, akarudia utunzi mara kadhaa. Mtu wa kuropoka kwa brashi hafanyi maandalizi hayo. Mwaka 1890 aliandika katika daftari lake kwamba haamini kuna mwanamume aliyewahi kumchukulia mwanamke kuwa sawa naye, na kwamba hilo tu ndilo angeliomba, "kwa sababu najua thamani yangu ni sawa na yao."

Eugène alifariki Aprili 1892. Wiki chache baadaye Berthe alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, katika nyumba ya wauza picha Boussod na Valadon, na mwaka 1894 serikali ya Ufaransa, kwa msukumo wa mshairi Stéphane Mallarmé, ikanunua picha yake ya msichana aliyevaa gauni la dansi. Mapema 1895 Julie aliugua mafua makali. Berthe alimuuguza, akaambukizwa, akapata nimonia, akafariki Machi 2 akiwa na miaka 54. Cheti cha kifo kiliandika kwamba hakuwa na kazi. Kaburi lake katika makaburi ya Passy, Paris, linamtaja kama mjane wa Eugène Manet. Mwaka mmoja baadaye Degas, Monet, Renoir na Mallarmé walizitundika kwa mikono yao karibu kazi zake 400 katika ukumbi wa mfanyabiashara Durand-Ruel, wakibishana hadi usiku wapi pakae michoro na wapi pakae picha.

Baada ya hapo alififia, na sababu moja ni ya kawaida kabisa: hakuwahi kulazimika kuuza ili ale, kwa hiyo kazi nyingi zilibaki kwa Julie na watoto wake. Msanii ambaye picha zake haziingii sokoni hatajwi sokoni. Sehemu kubwa ya mkusanyiko wa familia sasa iko makumbusho ya Marmottan Monet, Paris. Mwaka 2013 picha yake *Après le déjeuner*, yaani baada ya chakula cha mchana, iliuzwa London kwa karibu pauni milioni 7, rekodi ya mnada kwa msanii wa kike wakati huo. Musée d'Orsay, ambayo ndiyo nyumba kuu ya Uimpreshonisti duniani, ilisubiri hadi 2019 kumfanyia maonyesho makubwa ya peke yake.

Ipo moja niipendayo kuliko hata *Le Berceau*: wanawake wawili ndani ya mashua kwenye ziwa la Bois de Boulogne, bustani kubwa ya Paris, ya mwaka 1879, ambapo maji, koti na majani yote yamepigwa kwa miguso ya kwenda kushoto na kulia kama vile brashi haikuinuliwa. Ilikuwa mali ya Hugh Lane, mfanyabiashara wa picha Mwairishi aliyezama na meli ya *Lusitania* mwaka 1915 akiacha wosia wenye nyongeza isiyo na mashahidi, na Uingereza na Ireland zikagombania picha zake kwa miongo. Aprili 1956 wanafunzi wawili wa Ireland waliingia makumbusho ya Tate, London, wakaishusha ukutani, wakatoka nayo mlango wa mbele mchana kweupe huku mpigapicha akiwapiga, ili kudai picha za Lane zirudi Dublin. Siku chache baadaye ilikabidhiwa ubalozi wa Ireland. Tangu 1959 London na Dublin zina makubaliano ya kupokezana, kwa hiyo anayetaka kuiona aulize kwanza iko mji gani.